UZI: Kabla ya tochi za kupima mwendo walikuwepo askari wawili kichakani na saa mkononi, na AA, chama cha wenye magari Uingereza, ilianzishwa kuwakwepa

Mpiga Gia

Wakuu habari za wikiendi.

Jana natoka Moro kuja Dar, basi linatembea vizuri tu, mara Fuso linalokuja mbele yetu likawasha taa mara mbili. Dereva wetu wala hakujiuliza, mguu ukatoka kwenye mafuta, basi likaanza kwenda kama limebeba bibi harusi, tunamaliza kona kweli askari huyo chini ya mwembe na tochi yake. Konda akacheka akasema huyu wa Fuso Mungu ampe watoto mapacha. Basi nikakumbuka vitu nilivyosoma zamani kuhusu Waingereza nikasema leo lazima nifungue uzi, kwasababu huu mchezo wa kustuana una zaidi ya miaka mia na walioanza nao sio madereva wa Fuso, ni matajiri.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1865 Uingereza walitunga sheria ya vyombo vinavyojiendesha barabarani, na kipindi hicho ni yale madude ya mvuke ya kuvuta mizigo, sio gari hizi. Nje ya mji mwisho maili 4 kwa saa, mjini maili 2. Maili 2 ni kama km 3, yani mtoto aliyetumwa dukani huku amenuna anakupita. Na lazima mtu atangulie mbele kwa miguu kashika bendera nyekundu. Bendera walikuja kuiondoa 1878, ila mtu wa kutangulia akabaki.

Sasa miaka ya 1890 gari za petroli zinaingia na sheria ni ileile. Tarehe 28 Januari 1896 jamaa anaitwa Walter Arnold, mwenyewe alikuwa anauza Benz, akakatiza Paddock Wood kule Kent kwa maili 8 kwa saa. Km 13 hizo wakuu. Inasimuliwa askari wa pale alikuwa kwake anakula, akaona dude linapita nje, akaacha sahani mezani akarukia baiskeli. Akamfukuza maili 5! Nimepiga hesabu, maili 5 kwa mwendo ule ni dakika 37 na nusu za kunyonga baiskeli, chakula kinapoa nyumbani. Akamkamata. Mahakamani akasomewa makosa manne, likiwemo la kutokuwa na watu watatu wa kuhudumia chombo, na kwa kosa la mwendo akapigwa faini shilingi 1 na gharama za kesi. Ndo anahesabiwa dereva wa kwanza Uingereza kula faini ya mwendo kasi. Kwa mawazo yangu shilingi 1 kwa tangazo lile la biashara alipata bei ya kutupa.

Novemba mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, mtu wa kutangulia akafutwa, kikomo kikawa maili 14 ila serikali ikakibana mpaka 12. Wenye magari wakasherehekea kwa msafara wa London mpaka Brighton tarehe 14 Novemba, na hadi leo kila Novemba magari ya kizee yanarudia ile safari. Halafu ikaja sheria ya 1903, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1904, maili 20 kwa saa, na humo ndo wakaweka namba za gari na leseni. Leseni yenyewe bila mtihani, unalipa shilingi 5 unapewa.

Na hapo ndo vita ikaanza. Naendelea chini, ngoja ninywe chai.

Chipsi Kavu

Km 13 kwa saa kapigwa faini 😂😂 Mkokoteni wa maji huku Gongo la Mboto ukishuka mteremko si wangemfunga maisha

Mama Nuru

Naweka kiti hapa. Ila naona mleta uzi unaelekea kuwafanya hawa wakimbiaji mashujaa, nakusubiri.

Fundi Saa

Mpiga Gia wakati unakunywa chai ngoja nichangie kwenye eneo langu maana saa ndo ugali wangu.

Sheria ya 1903 ilikuwa na kipengele kizuri sana, kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuzidisha maili 20 kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake kuhusu mwendo. Maana yake askari kusimama mahakamani akasema "mheshimiwa nilimwona anakimbia sana" haitoshi. Kwahiyo polisi wakatafuta mbinu. Wanapima kipande cha barabara, mara nyingi futi 660, ambayo ni kama mita 201. Askari mmoja anajificha mwanzo wa kipande, mwingine mwisho, ndani ya michongoma, na saa za kubonyeza. Gari likipita alama ya kwanza huyu anatoa ishara, saa inaanza, likifika alama ya pili inasimamishwa. Kisha anatoka mtu katikati ya barabara kanyoosha mkono.

Sasa hesabu. Mita 201 kwa maili 20 kwa saa ni sekunde 22 na nusu. Kwa maili 22 ni kama sekunde 20 na nusu. Tofauti ya halali na kosa ni sekunde mbili! Na saa inaendeshwa na vidole vya askari aliyelala kwenye nyasi tangu asubuhi, siafu wanampanda, ishara ya mwenzake aione kwanza ndo abonyeze. Nimetengeneza saa miaka 26, nakwambieni mkono wa mtu hauna uaminifu huo. Na gari nyingi za wakati ule hazikuwa na spidomita kwahiyo hata dereva mwenyewe anabishana kwa hisia tu. Huyu anasema nilikuwa 18, yule anasema saa yangu inasema 24. Hakimu anamwamini nani?

Chipsi Kavu

Anamwamini mwenye saa

Mpiga Gia

Fundi umemaliza kila kitu. Tuendelee.

Hiyo mitego ikaenea, hasa Surrey na Sussex kwenye barabara ya kwenda Brighton, kwasababu wikiendi wenye hela wote wa London wanakimbilia pwani kula upepo. Na faini za sheria ya 1903 zilikuwa hazina utani, kosa la kwanza tu inaweza kufika pauni 10. Askari wa kijijini mshahara wake wa wiki nzima haukuwa unafika pauni 2. Fikiria anayejificha kichakani ni mtoto wa mkulima na anayemsimamisha ni mtu ana kofia ya manyoya, miwani ya vumbi na jina lenye vyeo vitatu.

Matajiri wakakaa kikao. Tarehe 29 Juni 1905 kwenye mgahawa wa Trocadero pale London wakaunda chama cha wenye magari, Automobile Association, hii AA mnayoisikia. Kati ya waanzilishi yupo Charles Jarrott, dereva wa mashindano kabisa. Na kazi ya kwanza ya chama haikuwa kuvuta gari zilizoharibika wala kufundisha watu udereva. Ilikuwa kuajiri vijana wa baiskeli wapite barabarani watafute askari wamejificha wapi, halafu wawastue wanachama! Yani wametengeneza Fuso la kuwasha taa, ila kwa mshahara na risiti.

Mswahili wa Kisauni

Lahaula! AA tunayoijua huku Kenya ni ile ya kufundisha watu driving, na vibao vyake vya manjano vya umbali kule barabara za zamani. Mzee wangu alikuwa akisema mtu wa AA ni mtu wa nidhamu. Kumbe babu zao kazi yao ilikuwa kuwachunga makarao.

Mpiga Gia

Mswahili hiyo ya kwenu ni chama kingine, kilianza 1919 kwa jina la chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, hakihusiki na hizi mbio za vichakani. Ila jina na mawazo vimetoka ukoo uleule.

Wakili Kivuli

Hapa mmegusa kesi mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa sheria aliyesoma kosa la kumzuia askari asifanye kazi yake amekutana nazo, wacha nizieleze kwa kifupi maana zinachekesha.

Ya kwanza Bastable na Little. Polisi wamepima kipande chao, jamaa anasimama kabla ya mtego anawapungia madereva waende taratibu. Akashtakiwa kumzuia askari. Mahakama ya juu ikasema hapana, haijathibitishwa kwamba hao madereva walikuwa tayari wanavunja sheria, sasa kumwambia mtu atii sheria inakuwaje kosa? Akaachiwa. AA wakashangilia.

Ya pili Betts na Stevens, ipo kwenye ripoti za sheria za 1910. Huyu alikuwa kijana wa AA mwenyewe. Safari hii polisi walijipanga, wakathibitisha kwamba gari zilipoonywa zilikuwa tayari zinazidisha mwendo, zikapunguza zilipostuliwa, kwahiyo ushahidi aliokuwa anaukusanya askari ukaharibiwa. Jaji mkuu, Lord Alverstone, akasema hapo umemzuia askari. Hatia.

Tofauti ni nyembamba kama wembe. Ukimstua ambaye bado hajakosa ni ushauri, ukimstua ambaye yuko kwenye kosa umeharibu ushahidi. Na hiyo kesi ya pili bado inasomwa mpaka leo.

Konda Mstaafu

Wakili kwahiyo yule wa Fuso kafanya kosa au hajafanya?

Wakili Kivuli

Inategemea basi lenu lilikuwa linatembea ngapi wakati anawasha taa 😄 Na mimi naongelea Uingereza ya 1910, usije ukanitaja kwa trafiki.

Mpiga Gia

Na baada ya hiyo kesi ndo walifanya kitu nakipenda kuliko vyote. Vijana wa AA walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama anayepita, wanamjua kwa beji mbele ya gari. Mahakama imesema marufuku kustua. Sawa. Wakageuza. Barabara ikiwa salama kijana anapiga saluti, kukiwa na mtego mbele HAPIGI. Anakaa kimya anaangalia maua. Na kitabu cha wanachama kikaandika kwa upole kabisa kwamba mlinzi asipokupigia saluti, simama umuulize sababu. Sasa utamshtaki mtu kwa kosa gani, la kutokusalimia? Hiyo saluti ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Chipsi Kavu

Hawa watu ni washenzi kwa akili 😂

Konda Mstaafu

Umenikumbusha mbali sana mkuu. Enzi zangu njia ya Tunduma taa ilikuwa ya usiku na ya mbali, mchana mkikaribiana dereva anatoa mkono dirishani, kidole kikielekea chini maana yake wapo, kiganja kikipepea maana yake pakavu pita. Tulikuwa na mzee mmoja wa lori la mbao, yeye kama hakupendi alikuwa anakuonyesha pakavu huku anajua wapo. Mimi na dereva wangu alituonyesha pakavu siku moja tukaingia mzima mzima, na pale askari wala hakuandika chochote, alituzungusha nusu saa juani abiria wanatukana mpaka "tukaelewana". Tangu siku hiyo yule mzee nikawa namwona kama nyoka.

Ila ngoja niwaulize. Mnasema waliokamatwa walikuwa matajiri. Leo V8 inapita 140 nyeusi tii hakuna anayenyoosha mkono, basi likigusa 82 linalala pembeni. Hii ilibadilikia wapi?

Mama Nuru

Sasa nimepata nafasi yangu.

Mmecheka na saluti, mmecheka na askari aliyeacha chakula. Mimi niko upande wa askari aliyeacha chakula. Tarehe 17 Agosti 1896, mwaka uleule wa huyo Arnold wenu, mwanamke anaitwa Bridget Driscoll alikuwa kwenye viwanja vya Crystal Palace London, akagongwa na gari la maonyesho akafa. Ndo mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari Uingereza. Dereva alisema alikuwa anatembea maili 4 tu. Wakasema ni ajali, na ofisa aliyechunguza kifo chake akasema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena.

Halitatokea tena!

Na barabara za wakati ule mnazifikiria za lami? Zilikuwa za vumbi. Gari likipita kijijini nguo zilizoanikwa zinageuka udongo, kuku wanagongwa, watoto ambao barabara ndo ilikuwa uwanja wao wanarukia mitaroni, na aliye ndani ya gari haonekani hata sura kwa miwani. Mnadhani namba za gari ziliwekwa kwa ajili ya urembo? Watu walikuwa wanagonga wanapotea. Wanakijiji walikuwa wanawachukia hawa watu kweli kweli, na yule askari mtoto wa mkulima alikuwa anatetea kwao. Nyie mnaiona michongoma, mimi naona mtu pekee aliyekuwa upande wa mama anayeanika nguo.

Nafundisha shule iko mita chache na barabara kuu. Kibao cha 50 kipo. Kila gari linalopunguza linapunguza kwasababu limestuliwa, likimpita askari linarudi 90 mbele ya watoto wangu.

Mpiga Gia

Mama Nuru sina la kukujibu kwenye hilo la shule, nasalimu amri. Ila kwenye tabaka nadhani tunasema kitu kimoja, sheria ilianza kwa kuwabana wenye nacho kwasababu wao tu ndo walikuwa na magari.

Mbongo Jersey

Mpiga Gia hapo kidogo nikukosoe mkuu, usiifanye kanuni. Huku Marekani wa kwanza kuwekwa ndani alikuwa dereva teksi. Tarehe 20 Mei 1899 New York, jina Jacob German, anaendesha teksi ya umeme, ndiyo ya umeme mwaka 1899, kampuni inaitwa Electric Vehicle Company. Alikuwa anateremka Lexington Avenue kwa maili 12 kwa saa wakati kikomo kilikuwa 8, na kwenye kona 4. Aliyemkamata ni askari wa baiskeli, kwasababu New York walikuwa na kikosi cha baiskeli tangu 1895 enzi Theodore Roosevelt yuko kwenye uongozi wa polisi, kilianzishwa kudhibiti waendesha baiskeli wanaokimbia ovyo. Wakamfungia kituoni. Yani mwenye teksi kampuni, mwenye haraka abiria, aliyelala ndani suka. Hiyo ni mwanzo kabisa.

Na Connecticut ndo jimbo la kwanza kuweka kikomo cha jimbo zima, Mei 1901, mjini 12 na nje 15.

Konda Mstaafu

Jacob German ni ndugu yangu kabisa huyo. Abiria anapiga kelele "suka kanyaga mafuta tunachelewa", mkikamatwa abiria huyohuyo anasema "na yeye alikuwa anakimbia sana".

Mama Nuru

Na Konda uliuliza ilibadilikia wapi, Uingereza jibu lipo. Mwaka 1930 bunge lilifuta kikomo cha maili 20, kwasababu kila mtu alikuwa anakivunja wakaona aibu. Sheria hiyohiyo ikaleta bima ya lazima, sawa, nzuri. Lakini angalia walivyofuta. Gari ndogo zisizozidi abiria 7, ruksa kukimbia unavyotaka. Mabasi yakabaki na kikomo cha maili 30, malori nayo yakabaki na vyao.

Konda Mstaafu

Acha!

Mama Nuru

Ndiyo hivyo. Na 1934 waliokufa barabarani wakawa zaidi ya 7,000 kwa mwaka mmoja, wengi watembea kwa miguu na wa baiskeli, na magari yenyewe yalikuwa machache kuliko leo mara nyingi sana. Ndo waziri wa usafiri, Hore-Belisha, akasimamia kikomo kipya cha maili 30 kwenye makazi, kikaanza tarehe 18 Machi 1935, na mtihani wa udereva mwaka huohuo. Maili 30 ni km 48. Hiyo 50 ya kibao cha shuleni kwangu hamuoni inafanana na nani?

Mswahili wa Kisauni

Mwalimu umetusomesha. Kwa hiyo miaka mitano gari dogo huru, basi lashikwa. Hapa kwetu matatu ilifungwa spidi gavana ya 80 mwaka 2004 enzi za waziri wa usafiri Michuki, na mwenye gari lake binafsi akawa apita akipunga mkono.

Mpiga Gia

Hilo la abiria 7 nilikuwa silijui, nimejifunza leo kwenye uzi wangu mwenyewe. Nyongeza moja ya kuchekesha kabla sijasahau, ile kamera ya barabarani ya Gatso ya Uholanzi aliyeibuni ni Maurits Gatsonides, bingwa wa mashindano ya magari ya Monte Carlo 1953, alitengeneza kifaa cha kupima mwendo wake mwenyewe kwenye kona ili akimbie ZAIDI. Kikaishia kwa polisi.

Fundi Saa

Wakuu nimerudi na majibu. Leo mchana biashara ilikuwa imelala nikasema ngoja nijaribu huo mtego. Mbele ya kibanda changu kuna nguzo za umeme, nikapima kwa futi kamba mita 201 kuanzia nguzo ya kwangu mpaka karibu na duka la mbao. Kule nikamweka kijana wangu wa kazi nyuma ya ua wa michongoma na leso nyeupe, huku mimi na saa ya kubonyeza nzuri ya Kiswisi ya mteja, na yeye nikampa simu naye apime kivyake. Gari ya kwanza nimesahau kubonyeza. Ya pili kijana kapungia leso mtu anayemfahamu, nikabonyeza bure. Bodaboda moja sekunde 11, ambayo ni kama km 66 kwa saa, na alikuwa na abiria wawili na gunia la mkaa. Halafu ikapita Noah ya bluu, hiyo ndo nataka muisikie. Saa yangu inasema sekunde 13 na nusu, sawa na km 54. Simu ya kijana inasema 12, sawa na km 60. Gari moja, dereva mmoja, barabara moja. Sasa mimi ningekuwa hakimu ningeandika ngapi?

Mama Nuru

Hapo kwako ni makazi ya watu Fundi, kikomo 50. Zote mbili zimezidi. Mwandikie.